Nyumba Iliyotembea na Moshi Wake

Kama wiki iliyopita gazeti lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usijali. Balaa zangu hazina ugumu wa kufuatwa, zinakuja kwa foleni.

Mimi ni Loveday Nankervis, mchoma mikate wa Korongo la Kikaango, kwenye machimbo ya dhahabu ya koloni la Victoria, Australia. Mume wangu Zacky alisikia kuna rashi mpya, watu wanakimbilia dhahabu Bonde la Kasuku, eti dhahabu inaokotwa juu juu kama mayai. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema anakwenda kuangalia tu. Akaondoka na koti lake, sepetu lake, na kopo langu la zafarani.

Koti na sepetu nilivielewa. Kopo la zafarani nilijiambia amelichukua ili anikumbuke, maana sisi watu wa Kornwali, kule Uingereza, hakuna kinachoturudisha kwetu kama harufu ya mkate wa zafarani. Mnicheke tu. Mapenzi hayana macho, na yangu hayakuwa na pua pia.

Baada ya hapo duara letu, yaani shimo tulilokuwa tunachimba, likajaa maji hadi mdomoni. Mbuzi wetu akala mwavuli wa mke wa mchungaji, akatoroka. Nikabaki na kibanda cha turubai, leseni yangu ya uchimbaji, na mama mkwe.

Kisha akaja mpimaji wa serikali na mnyororo wake wa kupimia. Niliwaacha pale alipoingia bila hodi, akapima, akainama, akapigilia kigingi katikati ya jiko langu.

"Bwana, unajenga nini humu ndani?" nikamuuliza.

"Barabara," akasema.

Mama mkwe wangu, Mama Keziah, alikuwa kwenye kiti chake anamenya viazi. Huyu mama ni mlokole wa kupindukia, na ugonjwa wake ni kusema kweli. Ukimwuliza kama mkate umeiva anakwambia haujaiva. Ukimwuliza kama gauni limekukaa, heri usingeuliza.

"Kijana," akamwambia mpimaji, "kigingi chako kimetoboa zulia langu, na mnyororo wako umepinda."

"Mama, barabara kuu inapita hapa. Ni amri. Chochote kitakachokutwa kimesimama ndani ya barabara Jumamosi jua likizama kinavunjwa, na mwenyewe anahesabiwa ameacha kiwanja."

"Na sisi tukalale wapi?" nikauliza.

"Kule juu, karibu na kisima, kuna kiwanja kitupu. Kanuni ni nyepesi. Unapigilia vigingi vinne, kimoja kila pembe. Unasimamisha nyumba. Unalala humo. Ukishafanya hivyo, hakuna wa kukugusa."

"Nyumba niibebe kichwani?"

Akatazama kuta za turubai, akatazama paa la magome ya mti. "Hii si kasri, mama. Ni hema lenye majivuno."

Akaondoka. Mama Keziah akaendelea na viazi vyake. "Ana adabu mbovu," akasema, "lakini kuhusu nyumba amesema kweli."

Sasa niwaambie kilichokuwa kinanikereketa, maana bila hicho mtadhani nalilia turubai. Kibanda chenyewe kilikuwa kinavuja. Lakini Zacky alijua mahali pamoja tu duniani pa kunikuta. Akirudi akakuta barabara, atajuaje nimekwenda wapi? Machimboni watu wanahama kama kunguru. Leo jirani, kesho hujui hata kaburi lake.

Na kile kibanda alikijenga yeye. Dohani la moshi alilitengeneza kwa makopo ya biskuti, akayaunganisha vibaya, likatoka na midomo miwili. Moshi wetu ulikuwa unapanda kama pembe za ng'ombe. Korongo zima walikuwa wanatucheka. Mtu akipotea usiku walikuwa wanamwambia, fuata mpaka uone pembe, kisha geuka kushoto.

Basi kila jioni nilikuwa naongeza kuni hata kama sina cha kupika. Nilikuwa nasema nawasha kwa ajili ya mama mkwe na baridi yake. Mama mkwe mwenyewe alikuwa anasema hasikii baridi.

*

Wa kwanza kuja kunipa pole alikuwa Ambrose Quill, mwenye kilabu cha pombe. Ukiona Quill amevua kofia mbele yako, shika mkoba wako.

"Bibie," akasema, "nimesikia habari. Roho imeniuma."

"Inauma upande gani?"

"Usinifanyie utani. Mwanamke mpweke kama wewe, kibanda cha nini? Mfuate mumeo Kasuku. Mimi hata farasi wa kukokota mizigo nitakuazima."

"Na kile kiwanja cha kisimani?"

Akageuza kofia mkononi. "Kile kitatazamana na barabara mpya. Kinafaa mtu wa biashara."

"Mimi sifanyi biashara? Mikate unayowauzia walevi wako anachoma nani?"

"Mkate ni mkate, bibie. Hoteli ni hoteli."

Hapo nikaelewa. Quill alikuwa na kilabu chake kule chini kwenye matope, na barabara ilikuwa imempita mbali. Alikitaka kile kiwanja kama fisi anavyotaka mfupa. Nikamwonyesha mlango, naye akatoka akitabasamu, jambo lililoniudhi zaidi kuliko kama angetukana.

Nikaenda moja kwa moja kwa Kapteni Hosken.

Kapteni huyu hajawahi kuendesha hata mtumbwi. Kwetu mkubwa wa wachimbaji ndiye anayeitwa kapteni. Hosken alikuwa na kifua kama pipa, na ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa letu. Kwake hakukuwa na jambo lisiloweza kufanywa na watu wengi wanaoimba sauti nne.

"Binamu," akaniambia, maana sisi Wakornwali huitana binamu hata kama hatuna babu mmoja, "nyumba tutaibeba."

"Nzima?"

"Nzima. Tunapitisha magogo chini ya sakafu, kwaya yote inaingia mabegani. Besi nyuma, ndio wenye nguvu."

"Na vigingi? Mpimaji amesema vigingi vinne."

Akacheka, akanitazama kwa huruma. "Binamu, wewe ulizaliwa wapi? Umesahau kwetu? Babu yangu alipata kiwanja chake vipi?"

Sikuwa nimesahau. Kila mtoto wa Kornwali amelishwa hadithi hiyo pamoja na uji. Ardhi isiyo na mwenyewe, ukisimamisha nyumba juu yake usiku, kukipambazuka moshi ukaonekana unatoka dohanini, basi pale ni pako. Hakuna bwana shamba wala hakimu wa kukutoa. Moshi ndio hati yako.

"Lakini hili ni koloni, Kapteni."

"Na koloni la nani? La Malkia. Na Kornwali ya nani? Ya Malkia huyo huyo. Moshi wake ni mmoja." Akanipiga bega nikayumba. "Ila sikiliza vizuri. Moto usizimike njiani hata kidogo. Nyumba ikitoka hapa na moshi, ifike kule na moshi. Ukikatika, umeacha nyumba. Vigingi ni mambo ya wapimaji."

Hata hivyo mimi ni mwoga wa serikali. Nilikwenda nikachonga vigingi vyangu vinne vya mti mkavu mzuri, nikavifunga kamba, nikaviweka ndani ya nyumba pembeni ya moto. Mnikumbushe baadaye.

*

Jumamosi asubuhi kwaya ilifika na mabega yake. Magogo yakapitishwa. Nikamwambia mama mkwe atoke nimkalishe kivulini.

"Nani atakaa na moto?" akauliza.

"Moto upo kwenye sufuria ya chuma, mama. Utakaa peke yake."

"Moto haukai peke yake. Mimi sitoki."

"Mama, watu watabeba nyumba pamoja na wewe?"

"Nimepungua tangu nije nchi hii. Mikate yako inanishinda." Akavuta kiti chake karibu na sufuria, akajifunga shuka, akawa tayari kwa safari.

Basi tukaondoka. Nyumba yangu ikainuka, ikapanda mlima, moshi wenye pembe mbili ukitoka juu, na chini yake kwaya ikiimba wimbo wa kuvuka Yordani. Kila ilipoyumba, sauti ya Mama Keziah ilisikika kutoka ndani.

"Mnaimba chini ya sauti."

Halafu, "Tena huyo wa tenori anavuta mguu."

Halafu, "Loveday, kuni."

"Sina kuni hapa mama, vumilia."

"Moshi unafifia."

"Kuna majani ya chai."

"Nimeshayachoma."

Korongo zima lilitoka kututazama. Wachina wa bustani za mboga waliacha ndoo zao, wakacheka mpaka wakakaa chini. Kando ya njia alisimama mama mmoja wa Wajaara, wenye nchi hii kabla ya wapimaji, aliyekuwa anawauzia wachimbaji mablanketi ya ngozi. Tulipopita, akanivuta mkono.

"Mnaipeleka wapi?"

"Kule kisimani. Hapa wametufukuza, wanapitisha barabara."

Akatazama nyumba, akatazama barabara, akanitazama mimi. "Wamekufukuza bila kukuuliza?"

"Bila kuniuliza."

"Pole," akasema, na akacheka hadi machozi yakamtoka. Mwanzoni nilimchukia. Nilipofika juu ndipo nikajua anacheka nini, na nikaona aibu.

Tulifika kisimani jua likiwa bado juu. Nyumba ikashushwa kwenye kiwanja kitupu, sawia kabisa, mlango ukitazama bonde. Na moshi haukukatika. Ulikuwa mwembamba, wa kukohoakohoa, lakini ulikuwepo.

Kapteni Hosken akavua kofia. "Binamu, pako hapa."

Nikalia. Siwafichi, nililia. Tangu Zacky aondoke lilikuwa jambo la kwanza kwenda nilivyotaka. Nikagawa mikate na chai waliyokuja nayo wanakwaya, kwaya ikakaa nyasini, ikaanza wimbo mwingine wa kushukuru wenye beti nyingi.

Tulikuwa tumefumba macho kwenye kiitikio niliposikia nyundo.

Ko. Ko. Ko.

Nikafumbua jicho moja. Ambrose Quill alikuwa kwenye pembe ya kiwanja changu, shati amekunja mikono, anapigilia kigingi. Kwapani alikuwa na kingine. Pembe nyingine mbili alikwisha kuzimaliza wakati sisi tunamshukuru Mungu.

"Quill, unafanya nini?"

"Napigilia vigingi, bibie. Kiwanja kilikuwa hakina."

"Huoni nyumba?"

"Naiona. Imeegeshwa kwenye kiwanja changu. Nitaomba iondolewe."

"Vigingi ninavyo!" Nikakimbilia ndani. Pembeni ya moto kulikuwa na kamba peke yake. "Mama, vigingi vyangu viko wapi?"

"Vigingi gani?"

"Vinne. Vya mti mkavu. Vilikuwa hapa."

Mama Keziah akatazama ndani ya sufuria ya chuma. Nami nikatazama. Kulikuwa na majivu mazuri sana, meupe.

"Mlisema moshi usikatike," akasema.

*

Mara nyingi serikali ikihitajika haionekani. Siku hiyo ilifika kabla chai haijapoa. Msimamizi wa Machimbo alikuwa amekuja kukagua barabara yake mpya, akasikia makelele, akageuza farasi. Alikuwa mzee mwenye mashavu mekundu na viatu vya kubana, na alitamani chakula cha jioni kuliko haki.

"Kwa ufupi," akasema bila kushuka.

Tukasema wote kwa pamoja. Akainua mjeledi. "Mmoja. Wewe mwenye kifua."

Kapteni Hosken akajieleza: babu yake, usiku, mapambazuko, moshi. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Moshi," akasema.

"Moshi, mheshimiwa."

"Bwana Hosken, kanuni za machimbo zina kurasa nyingi kuliko ninavyopenda, na hakuna moshi hata mmoja humo." Akamgeukia Quill. "Na wewe. Vigingi unavyo. Nyumba iko wapi?"

"Nitaijenga, mheshimiwa. Orofa mbili."

"Hiyo utakayojenga ndiyo unalala humo leo?"

Quill akakohoa.

"Basi huyu ana nyumba hana vigingi, na wewe una vigingi huna nyumba. Wote wawili mmefanya nusu ya kazi. Nyumba ilifika kwanza, na mwenye nyumba ana leseni?"

"Ninayo, mheshimiwa," nikasema, nikaitoa kifuani.

"Kiwanja ni cha huyu mama. Quill, ng'oa vijiti vyako."

Kwaya ikavuta pumzi ya kuanza wimbo. Quill akainua kidole, taratibu, kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, neno moja tu. Kanuni haisemi mtu mmoja kiwanja kimoja?"

"Inasema."

"Na kisheria, mume na mke si mtu mmoja?"

Msimamizi akashusha mjeledi. "Ni mmoja. Kwa nini?"

"Huyu bibie ana mume. Bwana Nankervis. Amekwenda Kasuku. Kama amechukua kiwanja huko, mkewe hana haki ya kingine hapa. Nauliza tu."

"Mume wangu hana kiwanja Kasuku," nikasema. "Alikwenda kuangalia."

"Nankervis?" Msimamizi akakunja uso. "Nankervis gani? Mrefu? Anapiga mluzi nyimbo za kanisani?"

Moyo ukaniruka kwa furaha, mjinga mimi. "Huyo huyo. Umemwona, mheshimiwa? Mzima?"

"Mzima sana. Kasuku ni eneo langu pia. Nimempimia kiwanja mwenyewe, tena kizuri, kando ya kijito. Ana nyumba ya mbao. Nilikula kwake." Mashavu yake yakalainika kwa kumbukumbu. "Mkewe alituandalia chai na mkate wa manjano, una harufu fulani. Sijala mkate kama ule."

Hata Quill alitazama viatu vyake.

"Manjano," nikasema.

"Manjano. Aliuita wa... nini sijui. Wa zafarani."

Jamani, nimeshapata misiba. Nimezika, nimefilisika, nimekimbiwa na mbuzi. Lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa ajili ya lile kopo. Ningemsamehe mwanamke mwingine kabla sijamsamehe kumpa zafarani yangu. Nikashika mlango, na nyumba ikatikisika, kwa sababu ilikuwa bado haijakaa sawa.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alinitazama, akatazama turubai, nikaona anahesabu wake. Hesabu ikampa jibu, akajuta.

"Mama," akasema kwa upole, "lazima nikuulize. Kama wewe ni mke wa Nankervis, makazi yako ni Kasuku na mumeo, na kiwanja hiki ni cha Quill. Kama ni mjane, leseni yako inasimama yenyewe na hiki ni chako. Sasa niambie. Wewe ni mke au mjane?"

Nilifungua mdomo. Kusema mke, nilale nje, nikamgongee hodi mwanamke anayechoma mikate yangu. Kusema mjane, nimzike kwa ulimi wangu mtu ambaye asubuhi ile ile nilimwashia moto. Nilikuwa nampenda bado, Mungu anisamehe, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi.

"Ni mjane," akasema mtu nyuma yangu.

Mama Keziah alikuwa amesimama mlangoni, uso umejaa masizi, shuka begani.

"Mama," nikamnong'oneza.

"Nyamaza. Hata chai bado unaiharibu, sembuse hili." Akamtazama Msimamizi. "Zacharias Nankervis alikuwa mwanangu. Nilimzaa mimi. Amekufa."

Kwaya nzima iligeuka kumtazama. Walimjua. Mama huyu aliwahi kumkatiza mchungaji katikati ya mahubiri kwa sababu alisema mvua ilinyesha Jumanne na ilikuwa Jumatano.

"Pole sana, mama," Msimamizi akasema. "Alikufa lini?"

"Habari nimezipata leo."

"Zimeletwa na nani?"

"Mtu wa serikali. Hana sababu ya kunidanganya."

Quill akaruka. "Mheshimiwa, si sasa hivi umesema umekula kwake?"

Msimamizi alimtazama Quill kwa muda, akamtazama Mama Keziah kwa muda mrefu zaidi. "Hawa Wakornwali," akasema, "wanagawana majina kama kijiko kimoja. Yule wa Kasuku atakuwa Nankervis mwingine."

"Aape basi," Quill akasema. "Aape kwa Biblia."

Nilidhani hapo ataishia. Siku zote Mama Keziah hata neno la kiapo alikuwa halisemi. Safari hii aliomba Biblia ya Kapteni Hosken, akafuta masizi mkononi kwa shuka, akauweka mkono juu yake. Kwa ule mwingine alinishika mimi, na tangu niolewe na mwanawe hajawahi kunishika hata kidole.

"Mwanangu amekufa," akasema, "na huyu ndiye mtoto niliyebaki naye."

"Imetosha," Msimamizi akasema. "Quill, ng'oa vijiti, umpe huyu mama, apigilie mwenyewe."

Quill aling'oa, kigingi kimoja kimoja, mbele ya watu wote. Nilipigilia cha kwanza, cha pili, cha tatu, Mama Keziah akinifuata. Nilikuwa nimeinama kwenye cha nne, nyundo juu, niliposikia mluzi.

Ulikuwa unatoka bondeni. Wimbo wa kuvuka Yordani.

Kutoka pale kisimani barabara mpya inaonekana yote. Mtu mrefu alikuwa anapanda, mfuko begani. Nyuma yake punda alikokota mkokoteni, na juu ya mizigo kulikuwa na mwanamke amekaa, kitambaa cha buluu kichwani. Mtu yule akafika mahali ilipokuwa nyumba yetu, akasimama. Akageuka huku, akageuka kule. Kisha akanyoosha mkono mbele yake, palepale palipokuwa na mlango, kama kipofu.

Niliujua ule mkono kabla sijaujua uso.

"Yule anatafuta nini katikati ya barabara yangu?" Msimamizi akasema, akaweka kiganja juu ya macho, akaanza kumgeuza farasi.

Kule chini Zacky aliacha kupapasa. Aliinua kichwa, polepole, akatazama mlimani, juu ya kwaya, juu ya paa letu la magome, pale moshi wenye pembe mbili ulipokuwa unapanda vizuri kuliko siku zote.

Akavua kofia, akaanza kuipunga.

Vidole vya mama mkwe viliniingia kwenye nyama ya mkono.

"Loveday," akaninong'oneza, "zima moto."